Kadi ya Nanjala

Busia, upande wa Uganda. Mwaka 1977.

Jumanne, 1 Machi

Mvua ya kwanza leo, nusu saa tu, ikalowesha vumbi juu na kuliacha kavu chini. Naandika nyuma ya fomu za kuagizia dawa. Fomu tunazo kabati zima, dawa ndizo hatuna, na mimi siwezi kuona karatasi safi ikiliwa na mchwa nikanyamaza.

Kilichonisukuma kuandika ni waraka. Umetoka wilayani, na Bwana Othieno ametusomea asubuhi kabla ya kufungua dirisha. Othieno ndiye mganga msaidizi, mkuu wa zahanati yetu. Mimi ni dresa: vidonda, majipu na sindano. Waraka unataka kila zahanati itoe maoni kabla ya mwisho wa Mei: je, wananchi waanze kuchangia gharama za matibabu, au yaendelee kuwa bure? Othieno akaukunja mara nne, akasema ataandika kwamba mambo ni mazuri. Nikamwambia mimi maoni ninayo. Akasema, "Dresa, maoni yako yaweke nyumbani kwako." Basi ndiyo haya nayaweka.

Bure gani wanayoisema? Wilaya nzima inalima pamba, na zahanati haina pamba ya kufutia kidonda. Nafutia vipande vya shuka kuukuu alizonipa mke wangu, nachemsha, naanika, nafutia tena. Duka la dawa la mjini, tangu wenyewe Wahindi wafukuzwe, alipewa afande mmoja asiyejua chupa hii na ile. Mwezi uliopita alimuuzia mama mmoja dawa ya macho ya kutibu kikohozi, kwa bei ya mbuzi. Sisi mgonjwa akija tunamwandikia jina la dawa kwenye karatasi akatafute mwenyewe. Hiyo karatasi kweli ni bure.

Na anayefaidi ni nani? Ni akina Mahmudu. Huyu ni jirani yangu, nyumba ya tatu. Anavusha vidonge kutoka Kenya ndani ya madebe ya mafuta na kuuza kimoja kwa bei ya paketi. Kwangu mimi huyo ni mwizi wa wagonjwa. Namsalimia kwa sababu dini inataka.

Alhamisi, 3 Machi

Hasifa amevuka na kurudi salama na vichupa vyake viwili.

Hili pengine nisingeliandika, lakini karatasi hizi zinakaa ndani ya godoro na godoro nalalia mimi. Mke wangu Hasifa ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa tatu sasa. Bila sindano ya insulini kila asubuhi hafiki mbali. Namtania kwamba sukari imekwisha madukani Uganda nzima, imebaki kwake peke yake. Zamani alikuwa anacheka.

Hapa kwetu insulini ilikwisha mwaka juzi. Upande wa Kenya hospitali inawapa watu wake bila malipo. Sasa, Hasifa ni Msamia, na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Baba yake mkubwa, Mzee Rasto, ana boma lake upande ule, anaishi na binti yake Nanjala, mjane, muuza mikate. Mimi ndiye niliyepanga. Hasifa akaenda hospitali yao akasema anaitwa Nanjala binti Rasto, karani akaandika kadi. Tangu hapo, kila baada ya wiki nne, siku ya Alhamisi, mke wangu anavua mtandio, anafunga kitambaa cha kichwa kama mama wa kanisani, anaitikia jina la dada yake. Kadi yenyewe inakaa kwa Nanjala, katika kikapu chake cha nguo, kwa kuwa askari wetu wakimkuta mtu na karatasi ya serikali ya Kenya hawaulizi swali la pili.

Hasifa haipendi kazi hii. Leo tena amesema kila akiitikia jina lile anaona kama anamwibia Nanjala kitu. Nikamwambia aache hizo, ni karatasi tu, na hakuna aliyewahi kufa kwa karatasi.

Ijumaa, 4 Machi

Kijani.

Ndiyo hesabu yangu ya kila asubuhi. Nachemsha mkojo wake pamoja na ile dawa ya bluu ya kupimia sukari. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Ikiwa rangi ya tofali, ni hatari. Kijani kwetu ni siku njema.

Jumatano, 9 Machi

Kijani. Mvua.

Jumatatu, 14 Machi

Kijani. Nanjala amekuja na mikate, sabuni na chumvi, mzigo mzima kichwani, na sauti yake ilifika nyumbani kabla yake. Mwanamke huyu akiingia uani hata kuku wanasogea. Akaniambia, "Shemeji, mmenipa ugonjwa hospitali nzima inaujua, na soda ya pole hamjaninunulia." Nikamwambia soda ina sukari, atazidisha. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Alipoondoka Hasifa akasema huyo ndiye mtu pekee anayemfanya asione haya na ile kadi.

Jumanne, 22 Machi

Kijani. Mzee Ilukor kutoka njia ya Busitema ameletwa kwenye machela, mguu umeoza. Wiki tatu zilizopita nilimwandikia jina la dawa. Akauza baiskeli, akanunua kapsuli kumi na mbili sokoni. Nimefungua moja iliyobaki: unga wa muhogo. Nilimtukana mtu nisiyemjua mpaka Othieno akafunga dirisha. Hatujui kapsuli zile zilitoka kwa nani, lakini nilipopita kwa Mahmudu jioni sikumsalimia.

Jumatatu, 28 Machi

Mpaka umefungwa tangu alfajiri. Hakuna aliyeambiwa sababu. Mama mmoja wa soko amepigwa kwa kuuliza.

Alhamisi, 31 Machi

Leo ndiyo siku ya kliniki na Hasifa hajavuka. Nanjala alipenyeza ujumbe kwamba yuko tayari kwenda yeye na kadi. Hasifa akakataa: nesi wa kliniki anamjua yeye Hasifa kwa sura, angemshtukia Nanjala mara moja. Dawa iliyobaki ni ya siku tatu. Kuanzia leo nampa nusu.

Ijumaa, 1 Aprili

Njano.

Jumapili, 3 Aprili

Njano iliyokolea. Anakunywa maji jagi kwa jagi. Mvua haikatiki, naye ana kiu.

Jumatatu, 4 Aprili

Nimekwenda kwa Mahmudu. Nilizunguka nyumba yake mara mbili kabla ya kupiga hodi. Anacho kichupa kimoja. Aliponitajia bei nilimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa, kisha nikaenda kuleta saa yangu ya mkononi na cherehani ya Hasifa. Akapokea bila kunitazama.

Jumatano, 6 Aprili

Tofali.

Alhamisi, 7 Aprili

Tofali tena, na nimempa dozi kamili. Pumzi yake ina harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Dawa ya Mahmudu imekufa. Ilipikwa na jua ndani ya debe, na mtu akiitazama kwa macho hawezi kujua.

Nilikwenda mlangoni kwake na kichupa mkononi. Nilitaka kelele, nilitaka watu wajae. Yeye akakichukua, akakigeuza, akauliza dawa hii ilitakiwa iwekwe wapi. Nikamwambia mahali pa baridi. Sisi tunaweka katika mtungi ulioketi kwenye mchanga uliolowa maji. Akaketi kizingitini. Akasema miaka yote hii hakuna aliyemwambia, wenye kumuuzia kule wanajali pesa tu, na yeye kusoma maandishi ya chupa hajui. Kisha akaniletea cherehani na saa mpaka nyumbani, mzigo ameubeba kichwani mwenyewe.

Jumamosi, 9 Aprili

Amerudi leo mchana na kichupa kingine, amekivusha ndani ya gunia la majani mabichi ya magimbi, limelowa maji. Mgongo wake una alama za mkanda wa askari. Hakutaka malipo. Nikamsafisha mgongo kwa shuka langu la kuchemsha.

Kule mjini kuna ofisi tatu za afya zenye bendera. Mke wangu amefikiwa na mtu mmoja tu, asiyejua kusoma.

Jumanne, 12 Aprili

Njano.

Ijumaa, 15 Aprili

Kijani. Ameomba uji wa mtama, ameumaliza.

Jumapili, 17 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa.

Adhuhuri nilikuwa nimeketi sebuleni na kikombe cha chai ya rangi. Mahmudu akaja amelowa mpaka mapajani, ametoka upande wa pili kwa njia ya panya. Akasema yule dada wa mikate, Nanjala, amelazwa tangu jana. Alikuwa na homa siku mbili, jana akaanguka akawa hajitambui. Majirani wakamwambia Mzee Rasto achukue kadi ya hospitali. Mzee hajui kusoma. Akapekua kikapu cha nguo, akakuta kadi, akaibeba. Mahmudu alinieleza hayo kama habari za njiani tu. "Wanasema ni sukari, imempanda kwa kukosa kliniki," akasema. "Wamemchoma sindano na hajaamka. Watamchoma nyingine leo. Mimi sikujua kama naye anayo."

Hana. Nanjala hajawahi kuwa na sukari hata siku moja.

Niliona jambo zima palepale. Kadi inasema mgonjwa wa sukari. Kadi inasema hakufika tarehe 31. Mgonjwa hajitambui, maabara imefungwa kwa kuwa ni mwisho wa wiki, na nesi anayemjua Hasifa kwa sura hayuko wodini. Ningekuwa zamu mimi, ningechoma sindano ileile. Mtu asiye na ugonjwa huo akichomwa insulini, sukari yake ya mwilini inakwisha na ubongo unazimika. Malaria ndiyo ilimwangusha, na sisi tukammalizia.

Sasa hiki ndicho ninachopaswa kuandika. Sikuinuka. Nilijua la kufanya, nami sikuinuka. Nilianza kupiga hesabu. Tukisema, kadi imekufa, na Hasifa amebakiwa na dawa ya siku sita. Nikajiambia pengine daktari ameshagundua. Nikajiambia sindano moja si kitu. Nikamaliza chai, nikachukua birika nikamimina kikombe cha pili.

Hasifa alikuwa uani anafua, dirisha liko wazi, amesikia yote. Akaingia mikono inachuruzika maji. Akatazama kikombe, akanitazama mimi.

"Unakunywa chai," akasema.

Akachukua mtandio wake kwenye msumari, mtandio wake mwenyewe, akajifunga vizuri bila haraka. Nikamwambia kuna askari kwenye kijito cha mpakani. Nikamwambia afikirie dawa ya mwezi ujao ataipata wapi. Akamgeukia Mahmudu, akamuuliza kama miguu yake inaweza kurudi tena alikotoka. Mahmudu akasema inaweza. Wakatoka.

Mimi ni mtumishi wa serikali, nikikamatwa navuka nitaitwa mtoro au jasusi. Hiyo ni sababu nzuri, na nimeirudia mchana kutwa.

Jumatatu, 18 Aprili

Mahmudu amerudi alasiri kunipa habari.

Kijitoni askari alimvua Hasifa viatu, akawaacha wapite. Hospitali akaingia wodini peku, na matope mpaka magotini. Nesi wa zamu alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Nanjala, sindano ya pili iko tayari kwenye sinia. Hasifa akamshika kifundo cha mkono.

"Mgonjwa wa sukari ni mimi," akasema. "Huyu jina ni lake, kadi ni yangu."

Hawakumsadiki. Wakadhani amechanganyikiwa kwa uchungu. Akawaambia wapime mkojo wao wote wawili, palepale. Wake ukatoa rangi ya tofali, kwa kuwa asubuhi ile, ili kubana dawa, sikumchoma. Wa Nanjala, waliomtoa kwa mpira, ulibaki bluu. Daktari akaitwa mbio, Nanjala akapewa maji ya sukari kwa mshipa, na kabla jua halijazama akafumbua macho.

Mahmudu akamaliza, akabaki ameketi. Nikamuuliza kama atakunywa chai, kisha nikamletea maji.

Alhamisi, 21 Aprili

Hasifa amerudi. Hakuniambia neno juu ya Jumapili, na hilo ni baya kuliko kuambiwa.

Hospitali wamefunga kadi. Mkuu wao hakumwita polisi. Amempa kichupa kimoja cha kuondokea na masharti mawili. Akitaka matibabu kama mgeni, alipe ada ya mgeni, kwa shilingi za Kenya, na dawa kwa bei kamili. Akitaka kama mwenyeji, alete barua ya chifu kwamba ni mkazi wa kule, kwa jina lake mwenyewe. Hasifa anasema alisemeshwa kwa heshima, na kwamba yule nesi wa kliniki alipoitwa kumtambua alilia.

Jumatatu, 25 Aprili

Njano. Mpaka umefunguliwa. Hakuna aliyeambiwa sababu.

Jumatatu, 2 Mei

Othieno amenipa ruhusa ya siku moja yenye mhuri, ameandika nakwenda kutafuta bendeji. Sikumwomba. Alinisukumia mezani na kuanza kusoma daftari lililokuwa tupu. Nilikuwa nikimdharau kwa woga wake. Leo nimeona kwamba kila mhuri anaougonga anaogopa, na anaugonga.

Nimekwenda kwa Mzee Rasto. Nanjala yuko nyumbani. Mkono wa kulia hauna nguvu ya kubeba hata sinia, na majina ya vitu yanamkimbia. Mkate anauita "kile cha kukata". Aliponiona akafurahi, akanyoosha kidole cha kunitania kama zamani. "Shemeji," akasema, "hujaninunulia ile..." Akatafuta. Sote tukangoja. Akatafuta mpaka machozi yakamtoka, na mimi nilijua ni soda, nikashindwa kumsaidia kwa sababu nilikuwa nalia kabla yake.

Nikapiga magoti mbele ya mzee, nikamwambia kadi ile ilikuwa mpango wangu, na kwamba siku ile nilichelewa kuinuka. Akaniinua. Akasema kadi aliitoa kikapuni yeye, kwa mkono wake, na kila siku anautazama mkono huo. Kisha akasema, "Mkwe, mmoja ameharibika. Tusipoteze wa pili." Atakwenda kwa chifu.

Jumamosi, 7 Mei

Njano. Dawa ya hospitali imekwisha. Nimenunua kichupa kwa Mahmudu, hachukui faida sasa, lakini hata hivyo ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Kule kwenyewe bei imepanda. Cherehani imekwenda safari hii kweli.

Jumatano, 18 Mei

Tofali. Mabati ya jiko nimeyaezua, yamenunuliwa. Tunapikia barazani, na mvua ikipiga upande tunahamia ndani na moshi wetu.

Jumatatu, 23 Mei

Majibu ya chifu yamefika. Mzee Rasto amevuka mwenyewe kuyaleta, amechoka sana.

Chifu anasema hawezi kumwandika mke wa mtu wa Uganda kuwa mkazi wa Kenya. Mwanamke anaishi kwa mumewe. Ila binti wa ukoo aliyeachwa akarudi kwao, huyo ni wao, anamwandikia leo hii. Alete barua ya talaka.

Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nikasema basi rahisi, naandika barua, chifu anaweka faili, sisi tunaendelea. Hasifa alikuwa anachagua mawe kwenye mtama. Akaweka ungo chini.

"Nimekuwa Nanjala miaka miwili," akasema, "na umemwona Nanjala. Karatasi ya uongo siibebi tena. Ukiandika, iwe kweli. Kama si kweli, usiandike, nitakaa hapahapa na wewe."

Jumanne, 24 Mei

Tofali.

Jumatano, 25 Mei

Nimemuuliza Shehe Badiru baada ya sala ya alasiri. Nilizunguka sana, nikasema ni rafiki yangu ana tatizo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema rafiki yangu ajue kwamba talaka haina mzaha. Akiiandika kwa akili yake, imepita, hata kama moyoni anasema ni ya chifu tu. Mke atakaa eda, hedhi tatu. Ndani ya muda huo mume anaweza kumrejea kwa neno moja. Baada ya hapo ni mwanamke wa watu. Nikauliza kuhusu kukaa eda nyumbani kwa mume. Akasema mgonjwa anayefuata uhai wake ana udhuru.

Aliponiaga alinitaja kwa jina langu, "Pole, Wahabi." Rafiki yangu hakumtaja.

Ijumaa, 27 Mei

Othieno amejaza waraka leo. Ameandika kwamba mambo ni mazuri na dawa zinatosha. Kisha akanipa kalamu akatoka nje, akasema anakwenda kutazama choo. Alinipa nafasi ya kuongeza mstari kama nataka. Nilikaa na kalamu ile muda mrefu. Sikuandika. Maoni yangu yakae hapa.

Mwezi Machi ningeandika: matibabu yawe bure na walanguzi wafungwe. Leo sijui hata niseme nini kuhusu walanguzi. Lakini najua swali la waraka lina kasoro. Wanauliza kama wananchi waanze kulipa. Nani amewaambia hawalipi? Ilukor alilipa baiskeli, akapewa unga wa muhogo, na juzi wamemkata mguu. Mahmudu alilipa mgongo wake. Nanjala hakuwa hata mgonjwa wa ugonjwa ule, na amelipa mkono na nusu ya maneno yake. Bwana mkubwa wa wilayani, kama unataka maoni ya dresa, ni haya: dawa isipokuwepo mahali pake, gharama haifutiki. Inatoka barabarani kutafuta mtu wa kuilipa, na haichagui aliyekopa. Lete insulini, lete pamba kutoka mashamba yetu wenyewe, halafu ndipo uniulize nani achangie.

Na mimi sijalipa bado. Hilo nalo naliandika.

Jumapili, 29 Mei

Tofali. Ameanguka mlangoni asubuhi. Amesema ni utelezi wa mvua.

Ijumaa, 3 Juni

Nimeandika barua.

Niliiandika mchana, mezani, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Mashahidi ni Shehe Badiru na Mahmudu. Mahmudu akaweka dole gumba, kisha akatoka nje akakaa kwenye matope. Hasifa aliomba nimsomee kwa sauti. Nikasoma. Aliposikia jina lake likifuatwa na jina la baba yake, na langu halipo katikati, akashika ukingo wa meza. Miaka kumi na minne. Hatukujaliwa mtoto, na watu walinishauri mara ngapi niongeze mke au nimwache, nikawafukuza hapa kwangu kwa fimbo. Sasa nimemwacha ili aishi.

Nilimwomba radhi ya ile Jumapili. Akasema alinisamehe kijitoni, askari alipokuwa anamvua viatu, kwa sababu naye aliogopa akataka kurudi. Hakuwahi kuniambia.

Jumatatu, 6 Juni

Nimempeleka mwenyewe, kwa ruhusa nyingine ya bendeji. Nilibeba sanduku lake, tukatembea kwa kuachana nafasi, kwa kuwa hatupaswi tena kutembea kama zamani. Chifu alisoma barua, akavua miwani, akaniuliza mbele ya wote, "Ni kweli umemwacha mwanamke huyu, au ni mambo yenu ya mpakani?"

Nikasema, "Ni kweli."

Akapiga mhuri. Hospitali karani akaandika kadi mpya: Hasifa, umri thelathini na tatu, mkazi. Alipoitwa kwa jina lake kwenye foleni alikawia kuitikia. Nanjala, aliyeletwa kumsindikiza, akampiga kikumbo kwa mkono wake mzima.

Jumanne, 14 Juni

Mvua imekwisha. Nyumba ina ukimya ambao sikuujua. Sijapima chochote tangu wiki iliyopita na kila asubuhi naamka kutafuta kiberiti.

Alhamisi, 30 Juni

Shehe amenihesabia: eda itaisha mapema Septemba. Mpaka hapo neno moja langu linatosha kumrejesha. Nikilisema ni mke wangu tena, na barua ya chifu ni uongo, na kadi yake ni uongo, naye hatakubali kuibeba. Namjua. Angeiweka mezani na kurudi nyumbani nami, tukaanza tena kutazama rangi.

Leo nilitumwa mpakani kupokea katoni ya plasta. Nikamwona upande wa pili wa kizuizi, amesimama na kikapu cha mikate ya Nanjala. Amenenepa kidogo mashavuni, midomo haijakauka. Alikuwa ananiita "bwana" miaka yote. Leo ameniita Wahabi, kwa sauti, watu wakageuka.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nikainua mkono, nikamwonyesha katoni kwamba niko kazini, nikaondoka.